Babu Aliyekombolewa Baharini: Madai Yanayowakatisha Tamaa Wajukuu

Nyumba nyingi za Kisauni, Rabai, Mbweni, Bagamoyo na Masasi zina babu au bibi ambaye habari zake huishia baharini. Husemwa tu kwamba alitekwa bara akiwa mtoto, akapakiwa jahazini, manowari ya Waingereza ikalikamata jahazi, na miaka mingi baadaye akaonekana pwani akiwa na jina la Kizungu na ndoa ya kanisani. Wajukuu wanaotaka kujua zaidi ya hapo huambiwa mambo kadhaa, na wanaoyasema huyasema kwa uhakika mkubwa: karatasi hakuna, jina lilipotezwa, kipimo cha DNA kitasema chenyewe, na mambo hayo ni heri yafunikwe. Nimeyasikia madai haya kwa wazee, kwa vijana waliosoma, hata kwa watu ambao kazi yao ni nyaraka. Mengi si kweli, na yale yenye chembe ya ukweli hutumiwa vibaya. Nayajibu moja moja kwa sababu yamewafanya watu waache kutafuta kitu ambacho kingepatikana.

“Mtumwa hakuandikwa popote.”

Dai hili ndilo lililoenea kuliko yote, na kwa yule aliyefia shambani bila kukanyaga ofisi yoyote linaweza kuwa kweli. Kwa aliyekombolewa baharini mambo ni kinyume kabisa. Mabaharia wa Kiingereza waliokamata jahazi la watumwa walilipwa zawadi na serikali yao, pauni 5 kwa kila mtu waliyemtoa. Ili walipwe, iliwapasa wathibitishe mbele ya mahakama ya bahari, iwe Zanzibar, Aden au Bombay, kwamba jahazi lilikuwa la biashara hiyo na kwamba watu waliotolewa walikuwa idadi fulani. Ndiyo maana yakaandikwa jina la manowari, siku na mahali jahazi lilipokamatwa, bandari lilikotoka, na hesabu ya wanaume, wanawake na watoto. Kumbukumbu hizo zilizaliwa na fedha, na karani anayesubiri malipo haruki mstari. Picha za watu waliotolewa na manowari ya Daphne mwaka 1868, wamekaa sitahani wamekonda hadi mbavu zinahesabika, zimo hadi leo katika hifadhi ya taifa ya Uingereza pamoja na barua za safari ile.

Majina ya mateka wenyewe mara nyingi hayamo katika hatua hiyo ya kwanza, na hilo lisemwe wazi. Lakini mtu hakubaki sitahani. Alikabidhiwa, na anayekabidhiwa watu huweka daftari. Baadhi walipelekwa Bombay, na watoto wao wakapelekwa Sharanpur karibu na Nasik, ambako Church Missionary Society ilikuwa na makao ya Waafrika katika miaka ya 1860. Wengine waliteremshwa Ushelisheli kuanzia mwaka 1861 na kugawiwa kwa wenye mashamba kwa mikataba ya kazi. Wengine walifika Natal. Baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ulioufunga mnada wa watumwa wa Zanzibar, wengi walibakishwa pwani ya kwetu: Mbweni, Unguja, kwa misheni ya Kianglikana ya UMCA, na kuanzia 1875 Frere Town, huko Kisauni, Mombasa, mji uliopewa jina la Bartle Frere, ambaye kabla ya kuja kumshinikiza Sultani Barghash alikuwa gavana wa Bombay. Aliyeujenga, William Salter Price, ndiye aliyekuwa akisimamia Sharanpur. Alipokuja Mombasa alikuja na watu aliowalea India. Kwa hiyo mjukuu wa Kisauni anayetafuta karatasi za babu yake Kenya peke yake anaacha nusu ya maisha ya babu huyo upande wa pili wa bahari.

Zipo pia karatasi za wale ambao hawakuwahi kupanda manowari. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani aligawa vyeti vya uhuru kwa watoro zaidi ya elfu moja waliokuwa wamekimbilia misheni, baada ya kuwalipa waliodai kuwa mabwana zao. Unguja na Pemba, amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 1897 ilimtaka mtumwa anayetaka uhuru afike mwenyewe kortini, na bwana akadai fidia. Bara ya Tanganyika, Wajerumani walitoa hati za uhuru kwa makumi ya maelfu ya watu. Kila mahali palipolipwa fidia au kutolewa cheti, kuna karatasi iliyoandikwa na mtu mwenye sababu ya kuiandika.

“Misheni ilimfutia jina, basi uzi umekatika.”

Ubatizo uliongeza jina, na si kila mara ulilifuta lile la zamani. Matthew Wellington, mmoja wa vijana wa Nasik waliotumwa mwaka 1872 kumfuata msafiri Livingstone bara, alikuwa Myao aliyezaliwa akiitwa Chengwimbe. Tunalijua jina hilo kwa sababu aliishi Mombasa hadi 1935 na habari za maisha yake ziliandikwa angali hai. Alilibeba kutoka nyikani hadi India, kutoka India hadi ukingoni mwa Ziwa Bangweulu, na kutoka huko hadi Mombasa, na hakulisahau.

Wenye jina moja tu nao hawajapotea. Ukifungua daftari la ubatizo la Kianglikana la miaka hiyo utakuta safu zile zile zilizotumika Uingereza: tarehe, jina la mbatizwa, majina ya wazazi, makazi, kazi, na aliyebatiza. Kwa mtoto aliyetekwa, safu ya wazazi mara nyingi ni tupu, na hapo ndipo wengi hulifunga daftari na kurudi nyumbani. Wasilifunge. Watazame waliobatizwa siku ile ile, waliosimama kama wadhamini, na waliofunga ndoa baadaye mbele ya mashahidi wale wale. Watu waliotolewa jahazi moja walikabidhiwa misheni pamoja, wakafundishwa pamoja, na mara nyingi wakabatizwa kwa kundi. Babu yako akikosa kabila kwenye karatasi, mwenzake wa mstari wa chini huenda analo, na ukimpata mwenzake umepata jahazi, na jahazi linakurudisha kwenye zile karatasi za zawadi ya pauni 5. Mimi huwaambia watu wasifuate jina, wafuate chombo. Jina lilibadilika kwa kila aliyeliandika, lakini siku jahazi lilipokamatwa ni moja tu.

Kuhusu tahajia sina mengi ya kusema. Jina la Kiyao lilitamkwa na mtoto mwenye hofu, likapita kwa mkalimani wa Kiswahili, likaishia sikioni mwa karani Mwingereza. Soma orodha kwa sauti. Majina ambayo jicho halikuyatambua, sikio litayatambua.

Na ukikuta Wainwright, Rutton au Farrar kwenye ukoo, usiende kumtafuta babu wa Kiingereza. Hayo ni majina yaliyobebwa na vijana wa Nasik kwenye msafara ule ule wa Livingstone, na yalitolewa na misheni. Vivyo hivyo, watu wawili wenye jina moja la misheni si lazima wawe ndugu wa damu.

“Karatasi imeandika Mzanzibari, kwa hiyo asili yake ni Unguja.”

Dai hili limepotosha watu kuliko mengine yote, kwa kuwa linakuja na karatasi mkononi.

Nenda Durban. Mnamo Agosti 1873 manowari ya Briton iliteremsha huko kundi la kwanza la mateka waliokombolewa, zaidi ya watu 100, na hadi mwaka 1880 walikuwa wamefika wapatao 500. Serikali ya Natal ilitaka vibarua, nao wakafungwa kwa mikataba ya miaka mitano. Karatasi zikawaita Wazanzibari kwa sababu safari iliyowaleta ilianzia Zanzibar. Walikuwa nani hasa? Wengi wao walikuwa Wamakua kutoka kaskazini ya Msumbiji. Unguja kwao ilikuwa kituo cha njiani. Waliiona wakiwa tayari wamekombolewa, wakisubiri kupelekwa kwingine.

Tunajuaje? Wao wenyewe hawakuacha kusema Kimakua. Walikaa pamoja Bluff, mahali panapoitwa Kings Rest, kwenye ardhi waliyonunuliwa na wadhamini wa msikiti mkubwa wa Wahindi wa Durban, wakasali, wakaoana, na wakawafundisha watoto Kimakua na Kiswahili kwa vizazi. Lugha ya nyumbani ilihifadhi asili ambayo daftari liliikosea. Yeyote anayesema simulizi za wazee hazina thamani mbele ya nyaraka autazame mfano huu: bila simulizi na lugha, nyaraka za Natal zingetupeleka kisiwa kisicho chao.

Si hilo tu. Wazanzibari hao waliwekwa chini ya afisa aliyesimamia wahamiaji wa Kihindi, kwa hiyo anayewatafuta hana budi kupekua majalada ya Wahindi. Halafu likaja jambo la kusikitisha zaidi. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulipowagawa watu wa Afrika Kusini kwa makundi, jamii hii ilikuwa kwanza katika kundi la Waafrika, kisha mwaka 1961 ikahamishiwa lile la Waasia wengine, na watu wakang’olewa Bluff wakapelekwa Chatsworth, mtaa uliotengewa Wahindi. Mmakua aliyetekwa Msumbiji, akapitia Unguja, akateremshwa Natal, mjukuu wake akapewa kitambulisho cha Mwasia! Kila karatasi katika mlolongo huo ni halali, ina muhuri, na hakuna hata moja inayotaja nyumbani kwake. Kila afisa aliandika kile ofisi yake ilichohitaji kujua.

Hali ni hiyo hiyo kwingineko. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza wasafiri Burton na Speke na baadaye Stanley na Cameron, alikuwa Myao aliyeuzwa Gujarat akiwa mdogo na kurudi Zanzibar baada ya bwana wake kufa. Jina lake lina India ndani yake na yeye hakuwa Mhindi. Na baada ya 1873, bandari ya kukamatiwa inaaminika hata kidogo kuliko zamani, kwa sababu wafanyabiashara walianza kuwatembeza mateka kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini hadi upande wa Pangani, hadi Sultani Barghash alipoipiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876. Aliyekamatwa njia ya Pemba mwaka 1874 huenda alitoka Ziwa Nyasa. Bandari inakuambia alikopandia chombo tu.

“Siku hizi kuna DNA, karatasi za nini?”

Kipimo cha DNA kina faida, nami nawahimiza wazee wapimwe mapema, kwa kuwa wao wamebeba kilicho karibu zaidi na mateka mwenyewe. Kilicho kosa ni kukitarajia kitaje kijiji. Majibu huja kwa kanda pana, na kanda hiyo hukusanya kusini ya Tanzania, Malawi na kaskazini ya Msumbiji kwa pamoja. Wayao wako nchi zote tatu. Mipaka hiyo ilichorwa wakati wengi wa mateka hawa tayari walikuwa Nasik, Ushelisheli au Durban, na damu haiwezi kukumbuka mpaka ambao haukuwapo. Tena makampuni ya vipimo hulinganisha na watu waliokwisha kupimwa, na Waafrika Mashariki waliopimwa ni wachache ukilinganisha na Wazungu.

Pale kinapofanya kazi vizuri, kinathibitisha jambo ambalo tayari linasimuliwa. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2011 kuhusu Wasidi wa India, jamii yenye asili ya Afrika, zilionyesha wazi asili ya Kibantu iliyochanganyika na ya Kihindi, jambo ambalo Wasidi wenyewe walikuwa wakilisema. Na kinafaa sana kinapokukutanisha na binamu aliye hai Ushelisheli au Uingereza mwenye daftari la familia ambalo wewe huna. Hapo mnarudi kwenye karatasi, mkiwa wawili.

“Nasaba hufuatwa kuumeni.”

Hii ni desturi, na kama desturi naiheshimu. Kama njia ya utafiti inakata nusu ya barabara. Wayao na Wamakua wenyewe, ambao ndio wengi miongoni mwa mateka hawa, huhesabu ukoo upande wa mama. Mtoto wa Kiyao aliyeulizwa kwao ni kwa nani huenda alimtaja mjomba wake. Mtafiti anayesaka jina la baba katika jibu hilo atamwandika mjomba kuwa baba, na kosa hilo litarithiwa na kila mti wa ukoo unaonakiliwa kutoka kwake.

Historia ya pwani nayo imeonyesha gharama ya kusahau upande wa kina mama. Utafiti wa masalia ya watu wa kale wapatao 80 kutoka makaburi ya pwani, kwa mfano Mtwapa, Manda na Kilwa, uliochapishwa mwaka 2023, ulikuta kwa wengi wao upande wa baba umetoka Asia, hasa Uajemi, na upande wa mama ukiwa wa Kiafrika karibu wote. Silsila zilizotunzwa majumbani zilikuwa zikitaja upande mmoja. Hata kwa Sultani Sayyid Said mwenyewe ni hivyo: tunamjua Jilfidan, suria wake kutoka Circassia, kwa undani kwa sababu binti yake Salme, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka uliofuata na kuishi Ujerumani, aliandika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1886. Mama asiye na binti wa kuandika alibaki kivuli.

Sheria nayo iliwaficha. Ile amri ya 1897 haikuwahusu masuria kama ilivyowahusu watumwa wengine. Hadi 1909 hawakuwa na haki ile ile ya kudai uhuru kortini. Usishangae basi kumkuta babu katika daftari la fidia na bibi asionekane kabisa. Mtafute kwenye ndoa, kwenye mirathi kwa kadhi, na kwenye simulizi zilizoandikwa na watawa. Habari za Swema, msichana wa Kiyao aliyefika misheni ya Kikatoliki ya Zanzibar katika miaka ya 1860, zilichapishwa kwa Kifaransa mwaka 1870, zikiwa na mama yake, njaa ya kwao na njia yote ya kwenda pwani. Zilipambwa na waliozichapa, ndiyo, na zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Lakini zipo, na ni za mtoto wa kike.

“Yote yako mtandaoni.”

Hayako. Makabrasha ya Church Missionary Society yako Chuo Kikuu cha Birmingham, ya UMCA yako Oxford, ya mapadri wa Bagamoyo yako Chevilly-Larue karibu na Paris. Za Zanzibar ziko Kilimani, Unguja. Za serikali ya Wajerumani zimegawanyika kati ya Dar es Salaam na Berlin. Za Natal ziko Pietermaritzburg. Na madaftari ya ubatizo mengi hayajatoka parokiani. Andika barua, taja mwaka na jina la manowari au misheni, na uliza kwanza kama wana orodha ya yaliyomo kabla hujalipia nakala.

“Kufukua utumwa ni kuiaibisha familia.”

Wanaosema hivi ni wazee wetu, na nawajibu kwa heshima. Najua wanachokihofia: pwani, swali la mtu ametoka wapi limewahi kutumika kumnyima mtu mke, shamba, na hata nafasi ya kuzungumza barazani. Lakini waliopitia mambo haya hawakunyamaza. James Mbotela, mtoto wa mateka aliyekombolewa, aliandika *Uhuru wa Watumwa* kwa Kiswahili, kikachapishwa mwaka 1934, akaweka habari za wazee wake wa Frere Town mbele ya kila msomaji. Ukoo huo huo ukampa Kenya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, na sauti yake ikaingia karibu kila nyumba. William Jones, Myao aliyelelewa Nasik, alipewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885, akasafiri naye mwaka huo huo, na baada ya askofu kuuawa Busoga ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi waliobaki. Jacob Wainwright alisimama Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874 jeneza la Livingstone lilipozikwa. Aibu ni ya aliyeuza na aliyenunua, na wajukuu wa aliyeuzwa hawana deni nayo.

“Kumbukumbu zikifika Kilwa, safari imekwisha.”

Karatasi za manowari zinaishia bandarini Kilwa, ndiyo. Bara hapakuwa na karani. Lakini wapo watu waliosimulia njia ya bara kabla kumbukumbu haijafifia. Vijana wa shule ya UMCA ya Kiungani, Unguja, waliandika wenyewe jinsi walivyotekwa, na A. C. Madan akazikusanya simulizi zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1887. Humo mna Wayao, Wamakua, Wanyasa, na wengine wa mbali zaidi. Mna vita, deni la mjomba, mtoto aliyetolewa kwa chakula mwaka wa njaa. Anayejua babu yake alikuwa Myao aliyefika Unguja miaka ile ile anaweza kuzisoma na kuona ni njia zipi zilipitiwa na ni machifu gani waliouza.

Tena wako waliorudi. Mwaka 1876 Askofu Steere aliwachukua mateka waliokombolewa kutoka Mbweni ili wapelekwe kwao upande wa Ziwa Nyasa, na wakaishia kujenga Masasi. Jamaa wa Mbweni na jamaa wa Masasi ni watu wa daftari moja lililogawanyika. Mjukuu wa Unguja aliyekwama Kilwa aanze kuuliza Masasi, kwa familia za kundi hilo la kwanza, na aende na majina ya wadhamini wa ubatizo wa babu yake yakiwa yameandikwa mkononi.